Kabura Alitupa Vizuri

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Wa Kitale mjini, wa Kiminini, wa Moi's Bridge, na nyinyi wa upande wa Bungoma, Webuye na Matulo, vuteni viti. Leo sitaanza na wimbo. Wimbo ungenipoza, na mimi sitaki kupoa kabla sijamaliza. Naitwa Everlyne Jelimo, na saa hii ya Jumapili ni ya kuwakumbuka waliotutangulia.

Leo tunamkumbuka Gathogo Mbugua. Gathogo Mbugua wa Kitale, mwendesha mashine ya kupukuchua mahindi. Wengine mlimjua kama Baba Kabura. Alifariki mwezi wa Agosti, baada ya ajali ya kazini huko Matulo, mchana kweupe. Ameacha mke, Gladwell, na mtoto mmoja, Kabura, msichana wa miaka kumi anayecheza besiboli.

Hapo kwenye besiboli ndipo maneno yalipoanzia. Mmeyasikia. Yanasemwa sokoni, yanasemwa stendi, hata kanisani watu wanainamiana wanayasema. Ati mtoto ndiye alimuua babake. Nitafika hapo. Nawaomba msibadilishe stesheni, hasa nyinyi mnaoyasema.

Tuanze na mtu mwenyewe.

Gathogo alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti kubwa isiyolingana na kifua chake. Kazi yake ilikuwa ya vumbi. Msimu ukianza, mashine inaanzia huko Bungoma ambako mahindi hukauka mapema, halafu inapanda shamba kwa shamba hadi Kitale na Moi's Bridge. Gathogo alipanda nayo. Gladwell aliniambia, akicheka huku machozi yanamtoka, "Nikimfulia shati, maji ya kwanza inakuwa kama uji. Nilikuwa namwambia, wewe si mume, wewe ni gunia."

Trekta na mashine havikuwa vyake. Mwenyewe ni kaka yake mkubwa, Mzee Kibe. Shikeni hilo, wasikilizaji. Mali ni ya Mzee Kibe, kazi ilikuwa ya Gathogo.

Mtoto walimpata mmoja tu, tena baada ya kungoja sana. Na katika jamii yao, msichana wa kwanza huchukua jina la mama yake baba. Mama yao Gathogo na Kibe aliitwa Kabura. Basi mtoto akaitwa Kabura, na Gathogo alimwita Maitu, yaani mama yangu. "Maitu, leta maji." "Maitu, umekula?" Mzee Kibe naye alimwita hivyo hivyo. Ndiyo desturi. Mtoto amebeba jina la mama yenu, basi huyo ni mama yenu, na mnamheshimu hivyo hata akiwa bado ananyonya.

Sasa tuje kwa besiboli.

Kuna mwalimu anaitwa Jerono, mtu wa miteremko ya Mlima Elgon, ambaye hufundisha watoto besiboli kila Jumamosi hapa Kitale. Glavu ni chache, magongo ni machache zaidi, watoto ni wengi. Kwa wale msioujua, mchezo wenyewe ni huu. Mmoja anatupa mpira mdogo mgumu. Mwingine anajaribu kuupiga kwa gongo. Akiukosa, kuna mwingine nyuma yake wa kuudaka. Kabura alikuwa mtupaji. Kocha Jerono anaikumbuka siku ya kwanza.

"Nilimpatia mpira nikamwambia arushe tu vile anajua. Ikanipita hapa kwa sikio. Nikamuuliza, nani alikufundisha? Akaniambia, mahindi."

Na ni kweli. Mtoto huyu alikulia kando ya mashine. Likizo ikifika alifuatana na babake, akaokota magunzi yaliyoruka nje na kuyarusha kwenye lundo. Mkono wake ulikuwa umezoea kazi hiyo kabla hajaona mpira wa aina yoyote.

Jioni ya siku hiyo alifika nyumbani akasema anataka kucheza besiboli. Gathogo hakuwa amewahi kulisikia neno hilo. Gladwell alikuwa anapakua chakula, na mazungumzo yao anayakumbuka neno kwa neno.

"Hiyo ni mchezo ya nini?" Gathogo aliuliza.

"Ya kurusha, Baba. Mtu anataka kupiga mpira, wewe unarusha asiweze."

"Na asipoweza?"

"Anatoka."

"Basi atatoka," Gathogo akasema, akaendelea kula.

Gladwell hakupenda. Anasema wazi kwamba hakupenda. "Nilimwambia hiyo kitu itanivunjia dirisha. Ikavunja. Unafikiri alileta kioo? Alipigilia gunia na misumari, akaambia mtoto, sasa hapo hakuna kitu itavunjika, tupa."

Gathogo hakuwa na glavu ya kumdakia. Alikata gunia, akalishona kwa ile sindano kubwa ya kushonea magunia, akalijaza maganda ya mahindi, akalivaa mkononi. Hiyo ndiyo ilikuwa glavu yake. Na alidaka vibaya. Kila mtu ananiambia hivyo, hata mke wake. Alikuwa anadaka vibaya sana.

Kanuni za mchezo alijifunzia mezani. Alipanga punje za mahindi, nyeupe ni timu yetu, za manjano ni wapinzani, na Kabura akamwonyesha nani anakimbia kwenda wapi. Aliuliza mpaka mtoto akasinzia. Asubuhi moja Gladwell aliamka, akakuta mahindi mezani, akayakusanya akayachanganya na maharagwe. Gathogo alipokuja kula mchana akalalamika kwamba amepikiwa timu nzima.

Akiwa mbali kazini siku ya mechi, alimpigia simu Kocha Jerono huku mashine inanguruma nyuma yake. "Ametupa?" Kocha anamjibu ametupa. "Wamekosa?" Wamekosa. "Haya, asante, Mwalimu." Anakata. Mara anapiga tena.

Mechi ya kwanza aliyohudhuria alikuja moja kwa moja kutoka shambani. Gunia bado lilikuwa limefungwa kiunoni kwa kamba ya katani, vile watu wa mashine hujifunga ili makapi yasiwaingie ndani ya nguo. Hiyo ilikuwa kabla ya zile punje mezani, na hakujua chochote. Kabura akatupa, mpigaji akakosa, na Gathogo akapaza sauti, "Goli!"

Uwanja ukaangua kicheko. Kuna baba mmoja pale, simtaji, anajijua. Alimwambia mbele ya watoto, "Mzee wa gunia, rudi kwa mahindi. Hii ni mchezo ya watu wameenda shule." Wakacheka zaidi. Kabura alisikia, akashusha mkono ulioshika mpira.

Gathogo hakugombana na mtu. Alitoka pale walipokaa wazazi, akazunguka, akasimama nyuma ya wavu, mahali ambapo mtoto akiinua macho anamwona yeye tu. "Maitu," akamwita, "angalia mimi. Hao wamekuja kucheka. Wewe umekuja kutupa. Kila mtu afanye kazi yake."

Kabura akatupa. Mpigaji akakosa. Na Gathogo akapiga kelele "Goli!" tena, safari hii kwa makusudi.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa kubembeleza. Mwaka jana timu ilienda Bungoma ikachapwa vibaya. Kabura ndiye aliyetupa mipira ya mwisho, na yote ikapigwa. Akakaa chini akalia, akakataa kwenda kuwasalimia waliomshinda. Gathogo aliingia uwanjani, akamwinua kwa kwapa. "Lia," akamwambia, "lakini lia ukitembea." Akamtembeza hivyo hivyo, kamasi na machozi, hadi kwa yule msichana aliyeipiga mipira yake, akamfanya ampe mkono. Wazazi wengine walimwona mkatili.

Nilimuuliza Gladwell kama mumewe alikuwa mkatili. "Alikuwa mkali," akasema. "Lakini mkali wa kukaa karibu. Si ile ukali mtu anakutolea akiwa mbali, halafu anaenda."

Mzee Kibe naye hakuficha maoni yake. Alisema mbele ya familia kwamba Gathogo anamharibu msichana, kwamba badala ya kumwacha jikoni anamfundisha kurusha vitu kama mchunga ng'ombe. Gathogo alimjibu kwa heshima, akimwita kwa jina la mwanawe, kwa sababu huyo ni kaka yake mkubwa, na pia ndiye mwenye kazi. "Wacha arushe tu, Baba Mbugua. Akichoka ataacha."

Hakuchoka. Na Agosti mwaka huu timu ikaitwa tena Bungoma, kucheza na wale wale waliowachapa. Mechi ilikuwa Jumamosi.

Wiki hiyo mashine ilikuwa Matulo, shambani kwa Mama Nekesa. Shule zilikuwa zimefungwa. Gathogo akasema atamchukua mtoto waende pamoja, Ijumaa wafanye kazi, Jumamosi asubuhi wafike Bungoma bila mbio. Gladwell alimfungia Kabura jezi kwenye mfuko wa nailoni na kumwambia asiivae kabla ya siku yenyewe. Ijumaa asubuhi Kabura akaivaa. Babake akamwacha.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nataka niende polepole. Naomba mnisikilize hapa hata kama mnapika.

Betri ya trekta hiyo ilikuwa imekufa tangu msimu uliopita. Ikizimwa haiwaki mpaka vijana waisukume. Kwa hivyo haikuwa inazimwa. Iliwashwa asubuhi kwa kusukumwa, ikanguruma hadi jioni. Watu wanakula, inanguruma. Watu wanakunywa chai, inanguruma.

Kati ya trekta na mashine kuna chuma kirefu kinachozunguka kwa kasi. Ndicho kinachopeleka nguvu ya trekta kwa mashine. Kinaitwa shafti. Shafti ikiwa mpya huja na kifuniko, ili isimguse mtu wala nguo yake. Shafti ya Mzee Kibe haikuwa na kifuniko. Kilitolewa ili kupaka grisi kuwe rahisi, na hakikurudishwa. Vijana waliofanya kazi na mashine hiyo wameniambia. Gladwell ameniambia. Gathogo alimkumbusha kaka yake, na kaka yake akasema watafanya msimu ukiisha.

Narudia. Betri ilikufa. Kifuniko hakikuwepo. Vyote viwili ni vya Mzee Kibe.

Na kuna jambo jingine, ambalo ni letu sote tunaolima mahindi. Mtu akitaka kutoka upande huu wa trekta aende ule, hazunguki. Anairuka shafti. Anainua mguu, anaruka, na anaendelea na hadithi aliyokuwa anasimulia. Baba zetu waliruka. Wanawake wanaruka na debe kichwani. Anayezunguka anachekwa, anaambiwa anaogopa chuma. Asubuhi hiyo ya Ijumaa watu waliiruka shafti ile tangu kazi ilipoanza.

Mama Nekesa, mwenye shamba, hafichi. "Sisi wote tulikuwa tunaluka hiyo kitu. Mimi pia niliiluka nikileta chai. Si ndio tunafanyanga siku zote?"

Chai ikaja. Watu wakakaa juu ya magunia. Gathogo hakukaa. Alivaa ile glavu yake ya gunia, akamwambia Kabura asimame kule wafanye mazoezi kidogo kabla ya kesho. Mahindi yalikuwa yameanikwa kila mahali kwenye maturubai. Mahali palipokuwa wazi ni kando ya trekta tu. Gathogo akasimama na shafti ikiwa nyuma yake. Kabura akasimama mbele yake.

Kabura akatupa. Alitupa vizuri. Mpira ulienda pale ulipotakiwa kwenda, usawa wa kifua cha babake. Gathogo akainua lile gunia akaukosa. Mpira ukampita, ukapenya chini ya shafti, ukabingirika hadi upande wa pili.

Mama Nekesa alikuwa amesimama hapo na birika mkononi. "Mtoto alitupa sawa," ananiambia. "Baba ndiye alishindwa kushika. Hata mwenyewe alisema."

Alisema nini? Aliruka shafti akaenda kuuokota mpira. Akiwa ng'ambo, amekwisha kuushika, alipaza ile sauti yake ili asikike juu ya mngurumo. Watu wote waliokuwa wanakunywa chai walimsikia. Alisema, "Umetupa vizuri, Maitu! Mimi ndio nimelala!"

Kisha akaruka shafti kurudi, na ile kamba ya katani iliyofunga gunia kiunoni mwake ikashikwa.

Sitawaeleza shafti humfanya nini mtu. Wenye mashine mnajua, na wasiojua sitawafundisha leo. Nitawaeleza walichofanya waliokuwepo. Watu wazima walishika vichwa. Wengine walikimbia wakageuza nyuso. Vijana walipiga kelele, "Zima! Zima!" na kila mmoja alikuwa anamwambia mwenzake. Trekta hiyo haizimwi kwa ufunguo. Inazimwa kwa kuvuta waya fulani ulio chini ya boneti, na aliyeujua waya huo ni Gathogo.

Gathogo na mtu mwingine mmoja. Kabura alikuwa amemwona babake akiuvuta kila jioni, likizo baada ya likizo. Mtoto wa miaka kumi alikimbia kuelekea chuma kile kile kilichomshika babake. Akampita karibu kabisa, akimwona. Akaingiza mkono chini ya boneti, akauvuta waya. Trekta ikazima.

Wasikilizaji, aliyezima trekta ni Kabura. Palikuwa na watu wazima pale, wenye nguvu zao. Aliyezima ni Kabura.

Gathogo Mbugua alifariki njiani akipelekwa hospitali. Jumamosi asubuhi Kocha Jerono alikuwa ameshafika Bungoma na watoto wake alipopigiwa simu. Aliwakusanya akawaambia. Hawakuweza kucheza. Ushindi ukapewa timu ile nyingine, kwa sababu ndivyo kanuni zinavyosema.

Mzee Kibe alifika Matulo jioni ile ya Ijumaa. Hakuuliza habari za kifuniko. Alisimama pale, akaitazama mashine yake, akauliza, "Huo mpira ulikuwa wa nani?"

Swali hilo ndilo lililozaa mengine yote. Maneno yalifika Kitale kabla ya mwili. Mara mtoto alikuwa anacheza karibu na mashine akikatazwa. Mara alitupa mpira kwenye shafti makusudi. Mara alimlazimisha babake aende kuuchukua. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga Matulo anakusimulia utadhani ndiye aliyekuwa na birika. Na sasa shule zimefunguliwa, watoto wamempa jina. Wanamwita Shafti. "Niaje, Shafti." Mwalimu mmoja alisikia akatabasamu, akidhani ni utani wa watoto.

Na kabla Gathogo hajazikwa, vijana waliisukuma trekta ikawaka, na mashine ikaenda shamba lililofuata. Wapukuchuaji wanajua, msimu haungoji. Nimepigiwa simu na msikilizaji aliyeiona kwa macho yake. Kifuniko bado hakipo. Watu bado wanaruka.

Mazishi yalikuwa katika shamba la familia, nje kidogo ya Moi's Bridge. Watu walikuwa wengi, na watoto wa besiboli walikuja na jezi zao. Mnajua vile tunavyofanya. Jeneza likishuka, wa nyumbani wanatangulia kutupa udongo, kila mtu konzi moja, ndipo majembe yaingie kazini. Gladwell akatupa. Ikawa zamu ya mtoto.

Kabura aliinama akachota udongo. Alipoinua mkono, Mzee Kibe akamshika kifundo cha mkono. Maikrofoni ya mchungaji ilikuwa karibu, na watu hadi barabarani walisikia.

"Wewe umetupa ya kutosha," akamwambia.

Hivyo tu. Hakumwita Maitu. Mtoto amembebea jina la mama yake mzazi, na hakumwita.

Mtoto akafungua vidole. Udongo ukaanguka miguuni pake, juu ya viatu vya shule. Kocha Jerono alipiga hatua kwenda mbele, na watu wakamvuta nyuma. "Wacha, Mwalimu, hiyo ni mambo ya familia." Mchungaji akafungua ukurasa mwingine. Kwaya ikaanza kuimba. Umati wote ule, wasikilizaji wapendwa, wakubwa kwa wadogo, walokole kwa walevi, hakuna aliyemrudisha mtoto mbele akatupe udongo kwa babake. Majembe yakaingia.

Nilimpigia simu Mzee Kibe kabla ya kuandaa kipindi hiki, kwa sababu ni haki yake kusikika. Alisema hivi: "Kama si hiyo mchezo, ndugu yangu angekuwa hai. Na mambo ya nyumba yangu haiendi redio." Nikamuuliza kuhusu kifuniko cha shafti. Akakata simu.

Mimi namwelewa Mzee Kibe, na hilo ndilo linaniudhi zaidi. Kosa lisipokuwa la mpira, litakuwa la kifuniko. Na kifuniko kina mwenyewe. Mzigo kama huo ni mzito kwa mtu mzima, kwa hivyo ameutua, na amemtwika mtoto ambaye hana wa kumpokeza. Sisi wengine tumesaidia kuufunga kamba.

Nilienda nyumbani kwao Kitale. Dirisha lile bado lina gunia. Kabura alikuwa ameketi mlangoni anachagua maharagwe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ameuvuta ndani ya mkono wa sweta, hauonekani. Mama yake anasema huo ndio mtindo siku hizi, hata akila. Sikumuuliza chochote kuhusu mpira. Nilikaa naye tukachagua maharagwe. Baada ya muda yeye ndiye aliyeniuliza.

"Anti, ni wewe wa redio?"

"Ni mimi."

"Utasema ni mimi?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia nitasema vile ilivyokuwa, kwamba alitupa vizuri na kwamba yeye ndiye aliyezima trekta. Akanitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto anayedanganya. Akasema, "Watu wa redio husema ile kitu watu wanasema." Akarudi kwa maharagwe yake.

Basi nimefika mwisho, na ni wakati wa pole. Pole kwa Gladwell, ambaye hakupenda mchezo huo na hajaulaumu hata mara moja. Pole kwa Kocha Jerono na watoto wa timu. Pole kwa Mama Nekesa, ambaye ameniambia hajaweza kula mahindi ya shamba lile. Pole kwako pia, Mzee Kibe, umefiwa na mdogo wako wa tumbo moja. Pole yangu ni ya kweli. Na kesho asubuhi, kabla mashine haijatoka, weka kifuniko.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, nawaachia mambo mawili ya kufikiria. Mkiwa shambani, izungukeni trekta. Mkichekwa, chekweni mkiwa wazima. Hilo ni jepesi. La pili ni gumu. Leo asubuhi nilimpigia Gladwell kumkumbusha saa ya kipindi. Akaniambia redio ataiwasha, lakini Kabura amekataa kukaa nayo. Amesema atatoka nje, aitwe ikiisha. Kwa hivyo yote haya niliyosema, yeye hakuyasikia. Mmeyasikia nyinyi. Kesho atapita sokoni kwenu, atapita stendi yenu, ataingia darasani na watoto wenu, na nyinyi ndio mtakaomwambia, kwa midomo yenu au kwa macho yenu. Mimi sitakuwepo.

Mama Kabura, tumemaliza. Mwite. Mwambie hatukusema ni yeye.